Fundi wa Mbao Aliyetumwa Ulaya Kutengeneza Nywele

Niliondoka Kindu kwa sababu ya telegramu. Mimi mwenyewe sikuwa na haja ya kwenda Ulaya. Nilikuwa na miaka ishirini, nafanya kazi kwenye karakana ya reli, na kazi yangu ilikuwa ya mbao za beto. Kwa wasioijua: beto ni zege, na ikiwa mbichi ni kama uji, haisimami peke yake. Lazima mtu apige mbao kwanza, atengeneze sanduku lenye umbo la nguzo au la ngazi, beto imwagwe ndani, na ikikauka mbao zitolewe. Mtu huyo kwa Kifaransa anaitwa coffreur. Jina langu ni Amisi Lubunda, na nilikuwa coffreur mzuri. Papa Tshimanga, fundi wetu mkubwa, Mkasai asiyesifu mtu, alikuwa akipita mbele ya mbao zangu bila kusema neno, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Telegramu ilitoka Kinshasa. Ilisema Zaire inapeleka timu ya taifa kwenye mashindano ya kimataifa ya vijana wa ufundi, na sitwayeni, yaani raia, Amisi Lubunda wa Kindu amechaguliwa kuwakilisha nchi kama coiffeur. Coiffeur ni mtu wa nywele. Ukitazama haraka, maneno yale mawili ni ndugu. Papa Tshimanga, ambaye mwenyewe ndiye aliyepeleka jina langu miezi mingi kabla, aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Walikosea," nikasema. "Papa, tuwaandikie."

"Tumwandikie nani?"

"Wale wa Kinshasa."

"Hii karatasi iko na muhuri ngapi?"

"Mitatu."

"Na wewe uko na muhuri ngapi?"

Nikaikunja telegramu.

"Njo vile," akasema. "Enda ujifunze kusuka."

Nilipewa wiki tatu. Nyumbani kwetu ni Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, na jioni ile nilivuka kwa mtumbwi huku nimeshika telegramu juu ili isilowe. Dada yangu mkubwa, Yaya Zaina, alikuwa msusi anayejulikana mpaka stesheni. Wakati ule wanawake walikuwa wakifunga nywele kwa uzi mweusi, zinasimama kama waya, kisha zinakunjwa na kuunganishwa juu ya kichwa. Nilipomsomea telegramu alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Halafu akaacha kucheka.

"Ukirudi na haya, watasema ni mimi sikukufundisha," akasema. "Leta mikono, nione."

Akaiangalia mikono yangu mbele na nyuma, kama mtu anayechagua samaki sokoni, akaguna.

Vichwa vya kujifunzia vilikuwa vichache, maana kila mwanamke aliyekaa mbele yangu hakurudi mara ya pili. Habari zikamfikia mkubwa wa chama wa mtaa wetu. Yeye alikuwa mtu wa vitendo. Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mifereji. Akatangaza kwamba Jumamosi hiyo wanawake wa mtaa hawatafyeka, wataleta vichwa. Asubuhi nikawakuta wamepanga mstari mbele ya mlango wetu, kila mmoja na kigoda chake, na mkubwa wa chama akiandika majina yao kwenye daftari.

"Unavuta kama unakaza waya," Yaya Zaina aliniambia. "Kichwa ya muntu haiko nguzo, Amisi. Iko na mwenyewe ndani."

Mama mmoja wa makamo, muuza mawese, alitokwa na machozi nilipomfunga uzi. Nikamwomba radhi.

"Endelea, mutoto wangu," akasema, macho amefumba. "Ni ya taifa."

Baada ya wiki tatu niliweza kufunga uzi ukasimama, na niliweza kutengeneza tao moja kutoka sikio hadi sikio bila mtu kulia. Dada yangu alisema kwa mtu wa mbao si mbaya.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege wa Kindu ulijaa watu. Vijana wa chama walicheza na kuimba kumsifu Kiongozi, na kamishna wa zone, mkuu wa wilaya yetu, akasoma hotuba ndefu kuhusu nywele za Zaire. Alisema nywele zetu ni za asili kabla ya mkoloni, na leo zinakwenda kumfundisha mkoloni. Papa Tshimanga alisimama nyuma kabisa, amevaa kofia yake ya kazi, anatazama ardhi. Ndege ilikuwa ya mizigo, imebeba mchele. Niliketi juu ya magunia mpaka Kinshasa, na niliposhuka suruali yangu ilikuwa nyeupe kwa vumbi la pumba.

Kinshasa, siku ya pili, nilipelekwa ofisini kwa mkuu wa msafara wetu, sitwayeni Bokeme, mtu mnene mwenye abakosi ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, na sauti ya upole. Mlangoni nilimkuta kijana mwembamba, amevaa vizuri, kucha zake safi kuliko zangu zote, ameketi na nyundo mpya juu ya mapaja. Mama yake alikuwa mtu wa Kisangani, hivyo Kiswahili alikijua. Aliitwa Nzuzi.

"Wewe uko wa nini?" akaniuliza.

"Mimi nilikuwa wa mbao," nikasema. "Sasa niko wa nywele."

Akaweka nyundo chini. Kisha akanipa barua yake. Alikuwa coiffeur wa mjini, anatengeneza vichwa vya mabibi wa wakubwa, na barua ilikuwa imemteua kuwakilisha taifa kama coffreur.

Tulisimama pale mlangoni tukiwa na furaha kubwa, kwa sababu dawa ilikuwa rahisi: tubadilishane barua. Tukaingia, tukamweleza Bokeme. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaamka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Alituambia kwa Kifaransa, polepole:

"Vijana wangu, orodha hii ilishapelekwa juu. Juu kabisa. Ilisomwa na kukubaliwa. Nikisema leo kuna makosa, wataniuliza nani aliyeandika. Ni mimi. Wataniuliza nani aliyetia sahihi. Ni mimi. Nina watoto saba." Akachukua kalamu. "Kwa hiyo hakuna makosa. Kuna uteuzi."

Sikumchukia. Alitukabidhi kalamu ili tutie sahihi ya kupokea vifaa: mimi mkasi, vitana na mashine ya kukaushia nywele isiyo na plagi, Nzuzi msumeno na nyundo. Tukatia sahihi.

Hapo ndipo nilipojifunza pia timu ya taifa ni nini. Nafasi zilikuwa kumi na tatu. Mwanzoni, walisema, kulikuwa na washindani tisa: fundi umeme, mchomeleaji, mshonaji na wengine. Lakini nafasi zao zilikuwa zimepungua kidogo kidogo, maana kila mkubwa alihitaji msaidizi, na msaidizi alihitaji mke. Tulipopanda ndege kubwa ya Ulaya, washindani tulikuwa wawili, na wa kutusindikiza kumi na mmoja.

Njiani Nzuzi na mimi hatukulala. Yeye alinifundisha kushika mkasi kwa kidole cha pete, akitumia kichwa cha mke wa msaidizi mmoja aliyekuwa amesinzia. Mimi nilimchorea ngazi kwenye mfuko wa karatasi wa kutapikia.

"Mbao inakaa wapi, beto inakaa wapi?" aliuliza.

"Beto ndani, mbao nje. Kumbuka hiyo tu."

"Beto ndani, mbao nje," akarudia, kama mtu anayejifunza sala.

Tulifika asubuhi, mji ambao jina lake hata leo silitamki sawasawa. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Mashindano yalikuwa katika jumba moja kubwa kuliko stesheni ya Kindu, watu wa Kindu wote na mizigo yao wangeingia humo na bado nafasi ingebaki. Vijana wa nchi nyingine walisimama kwa mistari, nchi moja ina vijana arobaini wenye koti la rangi moja na masanduku ya vifaa yenye magurudumu. Sisi tuliingia kumi na tatu. Bokeme alikuwa na amri kutoka nyumbani kwamba kila mahali ujumbe wa Zaire unapoonekana lazima ucheze. Basi tukacheza. Mabibi wakaimba, Bokeme akatikisa mabega, Nzuzi na mimi tukatangulia na bendera. Jumba zima likageuka kututazama. Halafu wakapiga makofi kwa muda mrefu, na baadaye mwenyeji mmoja alituuliza kwa heshima ufundi ule unashindaniwa saa ngapi, angependa kuja kuutazama.

Siku ya kwanza ya mashindano nilipewa kichwa. Mwenye kichwa alikuwa msichana wa shule ya pale, jina lake Greta, Kifaransa alikijua, na nywele zake zilikuwa za njano, ndefu, laini kama mafuta. Kazi ilikuwa kutengeneza nywele za kwenda kwenye karamu. Wenzangu wakaanza kukata, kupuliza na kukunja, mikono yao inaruka. Mimi nikatoa uzi mweusi wa Yaya Zaina.

Uzi ulishuka. Nikaufunga tena, ukashuka tena, ukaanguka sakafuni kama mnyoo. Nilijaribu kwa saa mbili. Kila nilichosimamisha kililala. Waamuzi walipita, wakaandika, wakapita tena. Jasho lilinitoka katika baridi ile, nikawaona wanawake wa Alunguli kwenye mstari na vigoda vyao, nikataka kuketi chini na kulia.

"Wewe unafikiri nini?" Greta aliniuliza, akinitazama kwenye kioo.

"Nafikiri hazisimami," nikasema.

Na niliposema vile nilijisikia mjinga, kwa sababu kitu kisichosimama chenyewe ndicho kazi yangu tangu utoto. Nikamwomba asitoke kwenye kiti. Nikakimbilia jikoni kwa wenyeji, nikaomba sanduku la machungwa, lile la mbao nyembamba. Nikaenda upande wa pili wa jumba, nikaazima msumeno wa Nzuzi, naye hakuniuliza kitu, alikuwa na shida zake. Kutoka kwa wafuaji nguo wa hoteli ya jirani nikapata amido, ule wanga wa kupigia pasi, bakuli zima.

Nilirudi nikapiga mbao juu ya kichwa cha Greta. Si kwa misumari, bila shaka, nilizifunga kwa ule uzi. Matao mawili, na nguzo moja katikati. Nikapaka mafuta mbao zote upande wa ndani, kama kazini, ili nywele zisishike. Kisha nikalaza nywele ndani, fungu kwa fungu, nikazimwagia amido, nikafunika.

Waamuzi sasa hawakuwa wanapita. Walikuwa wamesimama.

"Zitatoka?" Greta aliuliza kwa sauti ndogo. "Mbao."

"Zitatoka, mademoiselle. Nimepaka mafuta."

"Lini?"

"Zikikauka."

Tukangoja. Wenzangu walimaliza, wakafagia, wakaenda kula. Greta na mimi tulibaki, yeye ameshika kichwa sawasawa kama mtu aliyebeba mtungi, mimi nikigusa mbao kwa kidole kila dakika kumi. Tulizungumza. Aliniambia baba yake anafuga nguruwe na kwamba hapendi nguruwe. Mwishoni nikafungua uzi, nikavuta ubao wa kwanza, ukatoka safi. Wa pili, safi. Matao yakabaki hewani juu ya kichwa chake, ya njano, yamenyooka, bila kushikwa na kitu. Mwamuzi mmoja akanyoosha kalamu yake akagonga. Ilisikika ko, ko. Akaandika kitu, akakifuta, akaondoka.

Upande wa pili, mchana ule ule, Nzuzi alikuwa amemwaga beto yake ya ngazi. Wasiwasi ulimfanya ageuze sala: akaweka mbao ndani, beto nje. Ngazi ilisimama, tena nzuri, kona zake safi kabisa, maana ana mkono mwepesi. Lakini mbao hazikuweza kutoka tena milele. Waamuzi waliizunguka wakitafuta mlango.

Matokeo yalibandikwa siku ya tatu. Nilikuwa wa mwisho katika nywele. Nzuzi alikuwa wa kabla ya mwisho katika mbao, kwa sababu kijana mmoja aliugua tumbo na hakurudi. Bokeme aliusoma ubao ule, akakaa kwenye ngazi za jumba na kufunika uso kwa mikono. Nzuzi akamletea kahawa.

Mchana huo nilirudi peke yangu kuchukua mkasi wangu, kwa sababu nilikuwa nimetia sahihi. Nikamkuta mwamuzi mkuu wa nywele, mama mzee mwenye vidole vilivyopinda, anapanga vitana. Sijui nini kilinisukuma. Labda nilikuwa nimechoka. Nikamwambia kwa Kifaransa:

"Mama, mimi si coiffeur. Nafanya mbao za beto. Walikosea jina."

Hakushangaa.

"Nilijua tangu dakika ya kwanza," alisema. "Kitana ulikishika kama nyundo. Kwa nini hukusema?"

Nikamwambia tu, "Kwetu haisemwi."

Aliniangalia, kisha akavuta kiti, akamwita mfagiaji wa jumba, mzee mwenye nywele ndefu za kijivu, akamkalisha. Akanipa mkasi wake mwenyewe. Kwa saa nzima alisimama nyuma yangu, akishika mkono wangu kwa vidole vyake vilivyopinda, akisema: hapana, tena. Hapana, tena. Sasa ndiyo. Nilipokosea alisema nimekosea, na dari haikuanguka. Mfagiaji akatazama kioo, akageuza kichwa huku na huku, akaniambia asante, akarudi kwenye ufagio wake. Katika safari yote ile, saa hiyo ndiyo pekee ambayo hakuna mtu aliyejifanya kitu.

Tuliporudi Kinshasa, ripoti ilikuwa imetutangulia. Redio ilitangaza kwamba vijana wa Zaire wameshangaza Ulaya kwa kuunganisha fani mbili ambazo wazungu walikuwa wamezitenganisha. Nafasi zetu hazikutajwa. Bokeme alitukumbatia uwanjani, mmoja baada ya mwingine, akamnong'oneza kila mmoja, "Watoto saba," na hiyo ilikuwa shukrani yake. Nzuzi aliniachia anwani ya saluni yake. Alisema hatashika nyundo tena hata kuua mende.

Kindu walinipokea kwa ngoma. Kamishna alisoma hotuba ileile, akabadilisha "zinakwenda" kuwa "zimetoka". Yaya Zaina alinivuta pembeni.

"Walikucheka?" akauliza.

"Hapana. Waligonga kazi yangu kwa kalamu tu."

"Basi," akasema, akaniandalia sombe, majani ya muhogo, na wali.

Jumatatu nilirudi kazini. Katikati ya wiki michoro ikaja kutoka Kinshasa, ya tangi la maji la duara, lenye kuta zinazopinda na kupungua kadiri zinavyopanda. Hatukuwa tumewahi kujenga kitu kama hicho. Papa Tshimanga aliutandaza mchoro mezani, mafundi wote wakauzunguka wakitikisa vichwa, kama tulivyofanya siku zote mbele ya karatasi zenye muhuri. Tungetikisa vichwa, tungekwenda kupiga mbao, na ukuta ungepasuka baadaye, na ingesemwa ni saruji mbaya.

"Amisi," Papa Tshimanga akaniambia, "wewe njo umetoka Ulaya. Hii unaijua?"

Wote wakaniangalia.

"Sijui, Papa," nikasema. "Sijui hata pa kuanzia."

Nyundo iliyokuwa ikipigwa pembeni ikanyamaza. Katika karakana ile sikuwahi kusikia mtu akisema neno hilo mbele ya mchoro, wala mimi sikuwahi kulisema. Papa Tshimanga alivua miwani akaishika mkononi bila kuifuta. Nilidhani atanifukuza. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi lake, akanipa nafasi.

"Hata mimi sijui," akasema kwa sauti ya chini. "Kaa hapa. Tuangalie wote wawili, polepole, mpaka tujue."